Nafasi Kati ya Maneno Mawili

Niliingia ofisi ya kamusi nikiwa mpiga chapa. Chuo kikuu sikukiona. Nilikuwa na cheti cha uhazili, vidole vyepesi na mabinti wawili shuleni, na nilidhani nitapiga chapa mpaka nistaafu. Ofisi yetu ilikuwa Broadhurst, hapa Gaborone, nyumba ya vyumba vinne yenye paa la bati linalolia jua likipanda. Watu wengi hupita mbele yake wakidhani ni ofisi ya maji.

Kamusi haikukaa kwenye karatasi. Kila neno la Kitswana lilikuwa na faili lake kwenye kompyuta moja kubwa iliyofungiwa chumba cha nyuma, na sisi tuliifikia kupitia dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe. Unaandika amri, unabonyeza, unangoja. Kompyuta zetu za mezani zilikuwa kuukuu mno, zaidi ya hapo haziwezi. Ili ufungue neno moja ilikubidi uandike jina la programu ya kuandikia, halafu njia ndefu ya folda ndani ya folda, halafu neno lenyewe. Ukikosea herufi moja, programu haikulaumu. Ilikufungulia ukurasa mtupu, nawe ukaandika asubuhi nzima ukidhani uko mahali pake.

Aliyeteseka zaidi alikuwa Rra, yaani Bwana, Modisaotsile, mkuu wetu. Alikuwa mtangazaji wa redio miaka thelathini, na mpaka leo akisema "habari za asubuhi" unataka kukaa usikilize. Kitswana anakijua mpaka mizizi, lakini kibodi aliigusa kama mtu anayegusa sufuria ya moto.

"Mma Galeboe," angeniita, "nimepotea tena. Nimeandika mambo ya mbuzi sijui nimeyaweka wapi."

Siku moja, katika kabati, nikakuta kitabu cha maelekezo ambacho hakuna aliyewahi kukifungua. Nilikisoma wakati wa chakula cha mchana, wiki baada ya wiki. Humo ndimo nilimojifunza kuandika skripti. Unapanga amri zako mstari kwa mstari ndani ya faili, unalipatia jina, na kuanzia hapo unataja jina tu na kompyuta inatekeleza yote. Yangu ilikuwa na mistari kumi na tisa. Niliiita bula, yaani fungua. Unaandika bula na neno unalolitaka, basi. Neno linafunguka mahali pake, na nakala inawekwa kando kabla hujagusa kitu. Neno kama halipo, inakuuliza kwanza.

Rra Modisaotsile aliijaribu, akasema, "Kumbe mlango ulikuwepo siku zote, sisi tulikuwa tunaingilia dirishani."

Tangu siku hiyo kila asubuhi niliwekewa magwinya mawili mezani, yamefungwa kwa gazeti, bado ya moto. Yale maandazi aliyanunua kwa mama wa pale kituo cha mabasi. Wageni wakija, alinionyesha: "Huyu ndiye aliyetufungulia." Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na katika maisha yangu hakuna mtu aliyekuwa ameninyooshea kidole isipokuwa kwa kosa. Miaka sita nilikula magwinya yale.

Onalenna Tibe alikuja mwanzoni mwa Juni, baridi ikiwa imeanza. Ana miaka ishirini na sita, amesomea kompyuta, amevaa koti la manjano ambalo ungeliona kutoka ng'ambo ya barabara. Siku ya pili akauliza mbele ya wote, "Nani aliandika hii bula?"

"Mimi," nikasema.

"Nzuri, Mma. Imetulia. Naweza kuigusa kidogo?"

Kidogo. Ningemjibu nini? "Ni mali ya ofisi," nikasema, na nikacheka kicheko cha mtu anayekanyagwa kidole na mgeni wa heshima.

Hakuigusa. Aliandika nyingine, kwa siku tatu, akaiita kwala, yaani andika. Ukiandika kipande tu cha neno, kwala ilikisia lililobaki. Ilikurudisha kwenye mstari ule ule ulioachia jana. Iliweka tarehe yenyewe. Kila ulipofungua neno iliweka nakala ya jinsi lilivyokuwa, na nakala iliyokaa zaidi ya siku thelathini bila kuguswa iliifuta kwanza, kabla ya yote, takataka zisijae. Na iliruhusu majina marefu. Ya kwangu, ukiandika maneno mawili, iliyaunganisha kwa kistari. Rra Modisaotsile alikichukia kile kistari.

"Sasa naandika ninavyosema," alisema, akiipapasa skrini. "Binti huyu amenipa pumzi."

Nitasema ukweli, maana ndicho nilichokaa kusimulia. Iliniuma pale mtu anapoumia akiwa hana jeraha la kuonyesha. Kompyuta kubwa huweka kumbukumbu ya kila amri inayoandikwa. Nilianza kuisoma kila asubuhi kabla ya chai. Jumatatu ile bula iliitwa mara arobaini na moja. Jumatano, mara kumi na saba. Ijumaa, mara sita, na nne kati ya hizo nilikuwa mimi. Wiki iliyofuata nilibaki peke yangu.

Boikanyo, mwenzetu anayeshughulikia herufi za mwanzo za kamusi, mtu wa utani, alichungulia mabegani mwangu. "Mma Galeboe, bado uko zizi la zamani? Wenzako tumeshahamisha ng'ombe."

"Zizi la zamani halivuji," nikamjibu.

"Wala halina ng'ombe."

Wote wakacheka. Onalenna peke yake hakucheka, akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo niliyoshindwa kumsamehe. Magwinya nayo yalihama. Rra Modisaotsile hakuwa na ubaya, aliweka gazeti la moto kwenye meza ya yule aliyekuwa akimsaidia asubuhi hiyo, na asubuhi zote zilikuwa za Onalenna. Kuna siku binti alikuja nalo mezani kwangu, akagawa, moja langu, moja lake. "Tule wote, Mma." Nikamwambia nimeshiba. Nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu jana yake.

Basi nikaanza kuisoma kwala. Niliisoma mstari kwa mstari kama mke asomavyo simu ya mumewe. Ilikuwa na mistari sabini na kitu, na katika ile sabini niliwatambua watoto wangu: mistari kumi na mmoja ilikuwa yangu vilevile, mpaka makosa yangu ya nafasi. Jina langu halikuwemo popote. Siku ya tatu, nikaona kosa.

Katika dirisha jeusi, nafasi ni kisu. Ukiandika jina lenye nafasi katikati, kompyuta inaona vitu viwili. Ukitaka ielewe kuwa ni kimoja, lazima ukifunge kwa alama za kunukuu, kama mzigo unavyofungwa kwa kamba. Mimi nilijifunza hilo kwa kuumia, ndiyo maana nikaweka kile kistari kilichochukiwa. Onalenna alikuwa amefunga kila mahali isipokuwa mahali pamoja, nao ni ule mstari wa kufuta nakala za zamani.

Na Rra Modisaotsile alikuwa ameshatengeneza faili liitwalo kgomo ya mafisa, kwa ajili ya ng'ombe ambaye tajiri humpa mtu amtunze na kunywa maziwa yake. Aliliandika siku moja akaliweka kando. Nakala yake ikipita siku thelathini, kwala ingeagizwa kuifuta, na bila kamba ingeona vitu vitatu: kgomo, ya, mafisa. Cha pili na cha tatu havikuwepo. Cha kwanza kilikuwepo. Kgomo ndilo faili la ng'ombe mwenyewe, refu kuliko yote katika kamusi, kazi ya Rra Modisaotsile ya miaka.

Ningesema mara moja. Onalenna alikuwa hatua nne kutoka nilipokaa, akipuliza chai. Alama mbili tu, moja mbele, moja nyuma, na yangekwisha. Badala yake nikachukua kalenda na kuhesabu. Siku ya thelathini na moja ilikuwa Ijumaa, katikati ya Julai. Nikanakili kgomo kwenye flashi yangu, nikaitia mkobani. Nilijiambia hakuna kitakachopotea. Faili litatoweka, watashikana uchawi, binti ataona aibu, nami nitasimama polepole na kusema: tulieni, ninalo hapa. Nililiona hilo tukio mara nyingi sana. Nilijua hata gauni nitakalovaa.

Nakala ya mafisa ikiguswa, hesabu ingeanza upya. Kwa hiyo kila asubuhi nilikagua kama kuna aliyelifungua faili lile. Siku ya ishirini na nne, Rra Modisaotsile akasema, "Nikumbushe niongeze kitu kwenye mafisa. Kuna neno la ndama anayezaliwa kwa mlezi."

Nilijisikia nikisema, tena kwa sauti ya upole, "Liache kwanza, Rra. Si unasema mzee wako anakuja? Utalijaza mara moja, ukiwa na yote."

"Kweli," akasema. "Asante, binti yangu. Wewe una utaratibu."

Mzee aliyekuwa akisemwa ni Rra Sebetlela, mchungaji wa huko nje ya Letlhakane, aliyepita miaka themanini. Rra Modisaotsile alimsaka miaka miwili. Watu walisema anajua majina ya rangi za ng'ombe ambayo hakuna tena anayeyatamka: ng'ombe mwenye madoa kwenye mbavu tu, mweusi mwenye mgongo kama umenyunyiziwa unga, mwekundu ambaye wekundu wake unaonekana akilowa mvua. Mpwa wake angemleta mjini kutibiwa macho, na akimaliza hospitali angekaa nasi siku tatu, Jumanne mpaka Alhamisi.

Nilidhani mimi ndiye nitakayeandika. Hakuna mwenye vidole kama vyangu pale ofisini. Jumatatu Rra Modisaotsile akatangaza, "Onalenna atakaa na mzee. Mma Galeboe, wewe utatushikia simu na wageni."

"Simu," nikasema.

"Kwala inajua mstari wa kurudi. Mzee anaruka kama mbuzi, mara huku mara kule. Tutahitaji mtu anayeiendesha vizuri."

Nilirudi nyumbani Mogoditshane, na Jumanne nikapiga simu kusema kichwa kinaniuma. Jumatano kilikuwa bado kinauma. Alhamisi pia. Nilikaa nyuma ya nyumba kwenye jua, nikapepeta mtama ambao ulikuwa umeshapepetwa, nikisikia moyoni zile sauti mbili, ya mkuu na ya binti, zikicheka pamoja na mzee. Sikufikiria kgomo. Au nilifikiria hivi: kila asubuhi watafungua upya, kwala itaweka nakala mpya, hivyo kikipotea kitu ni cha siku moja tu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu hata ya hasara ya mwenzangu.

Ijumaa nilivaa gauni langu la buluu la kanisani.

Nilipofika, walikuwa na furaha ya watu waliotoka harusini. Rra Modisaotsile alinishika mkono. "Mma, umekosa. Majina mia mbili na kumi na mawili. Mia mbili na kumi na mawili. Mzee alifumba macho akawa anawaita mmoja mmoja, hata waliokufa kabla sijazaliwa. Kuna fahali alimtaja akalia."

"Amekwenda?"

"Mpwa wake alimpandisha basi jana."

Onalenna alinikaribisha chai. "Pole na kichwa, Mma. Tulikukumbuka. Kuna sehemu vidole vyangu vilishindwa kumfuata."

Kisha Rra Modisaotsile akaketi ili anionyeshe. Aliandika kwala kgomo, akabonyeza. Dirisha likafunguka na mistari kumi na miwili.

"Hii siyo," akasema. "Hii ni ya mafisa."

"Rudia, Rra," Onalenna akasema.

Akarudia. Ikafunguka mafisa tena. Kwala ilikuwa inakisia, na kwa kuwa kgomo haipo, ilikisia jina linalofanana. Onalenna aliinama juu ya bega lake, akaandika amri ya kuorodhesha mafaili, na nikaona rangi ikimtoka usoni kama maji yanayokauka kwenye saruji.

"Halipo," akasema.

"Halipo vipi? Jana lilikuwepo."

"Halipo, Rra."

Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu. Nilikuwa nimeshatia mkono mkobani, flashi iko kiganjani. Lakini Onalenna alikuwa mwepesi. "Subirini, nakala ipo. Kwala iliweka." Akaitafuta, akaipata, akaifungua, akashuka mpaka chini. Kisha akasimamisha vidole.

"Hii ni ya Jumanne asubuhi," akasema taratibu. "Kabla mzee hajaanza."

"Na ya Jumatano?" nikauliza mimi. Sauti yangu sikuitambua. "Na ya Alhamisi?"

"Hatukufunga dirisha, Mma. Rra aliogopa tukifunga yatapotea. Tuliliacha wazi siku tatu, tunahifadhi tu, tunaendelea. Nakala huwekwa unapofungua."

Niliiachia flashi ikaanguka chini kabisa ya mkoba, kati ya leso na funguo. Ya kwangu ilikuwa ya mwezi uliopita. Hata yale yaliyokuwa salama, kwala yake iliyahifadhi vizuri kuliko mimi. Na nakala ya akiba ya ofisi nzima huwa naitoa mimi, Ijumaa jioni; ya mwisho ilikuwa ya wiki iliyopita.

Rra Modisaotsile hakupaza sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena. Boikanyo alisimama mlangoni na kikombe. Onalenna alikuwa akilia bila kujifuta, huku akiandika amri baada ya amri.

"Ni mimi," alisema. "Skripti ni yangu. Nitaandika barua ya kuacha kazi."

Siwezi kusema ni wema ulioninyanyua. Nadhani sikuweza tu kumtazama akitafuta kitu ambacho nilijua kilipo. Nikaenda kwenye kompyuta yake, nikaifungua kwala, nikashuka moja kwa moja mpaka ule mstari, nikaweka kidole.

"Hapa. Hujafunga jina. Nafasi ndiyo imelikata."

Aliangalia. Akaelewa mara moja, nikaona akielewa. Kisha akageuka kuniangalia mimi badala ya skrini.

"Umeliona haraka sana, Mma."

"Nimezoea hayo makosa."

"Umelijua lini?"

"Sasa hivi," nikasema.

Jumatatu tulisafiri sisi watatu kwa pikapu ya ofisi, Rra Modisaotsile akiendesha, Onalenna katikati, mimi dirishani. Ni siku nzima ya barabara. Onalenna alijiuzulu mara mbili njiani na mara mbili Rra Modisaotsile akakataa. "Ukiondoka nani ataziba tundu? Kaa kimya ule njugu." Mimi nilitazama vichaka vya mopane, vikavu, rangi ya chuma kilicholiwa na kutu.

Rra Sebetlela tulimkuta kwenye zizi lake, mbali na kijiji, karibu na kisima cha pampu. Alitukaribisha uji wa mtama na maziwa ya mgando, akasikiliza shida yetu mpaka mwisho, na hakuonekana kushangaa.

"Niliwapa," akasema. "Nyinyi mmeyaangusha."

"Tumeyaangusha, Rra," Rra Modisaotsile akasema. "Tunakuomba utupe tena."

"Nitawapa walio hai. Wakija kunywa maji nitawaita."

Basi tukakaa pale kisimani siku mbili. Ng'ombe walikuja kwa mafungu, vumbi mbele yao, na mzee alinyoosha fimbo na kutaja. Safari hii niliandika mimi, kwa daftari na kalamu, kwa kuwa vidole vya Onalenna vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Akitaja jina, anataja na mama yake ng'ombe, na rangi ya mama, hivyo tukapata zaidi ya wale tuliowaona. Lakini kila Rra Modisaotsile alipomuuliza wale wa zamani, wale aliowaita ofisini akiwa amefumba macho, mzee alitikisa kichwa.

"Yule fahali uliyemlilia," Rra Modisaotsile akambembeleza. "Mwenye shingo ya moshi. Ulimwitaje?"

Mzee alitazama kisimani. "Lilikuja lenyewe siku ile," akasema. "Sasa haliji."

Jioni ya siku ya pili, jua likiwa bado juu ya miti, tulihesabu. Majina mia moja na arobaini na matatu. Onalenna alilitazama daftari, akasema kwa sauti ndogo, "Sitini na tisa. Nimeua sitini na tisa."

Nilikuwa nimebeba uongo wangu kilomita mia tano, na nilikuwa tayari kuubeba kurudi. Lile neno "nimeua" ndilo lililonishinda.

"Onalenna," nikasema. "Lile kosa sikulijua Ijumaa ile. Nililijua karibu mwezi mzima kabla."

Nikamweleza yote: kumbukumbu za amri, kalenda, flashi, kichwa kisichouma. Nilieleza mpaka gauni. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti lake la manjano limekuwa rangi ya vumbi.

"Kwa nini?" akauliza mwisho.

"Walikuwa wakiniita mimi. Halafu wakakuita wewe."

"Lakini kwala imetokana na bula. Mistari yako nimeiacha vilevile."

"Nimeiona. Jina langu sikuliona."

"Nilidhani kila mtu anajua ni yako." Akasimama. "Mimi nilikuwa nikikuogopa, Mma. Nilikuwa nakuja na magwinya ili unipende. Ungeniambia tu. Ungenitukana mbele ya watu, ningefurahi." Akachukua daftari mkononi mwangu. "Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe, na utamwambia leo."

Rra Modisaotsile alikuwa akikagua magurudumu. Nilisimama nyuma yake nikasema, na alinisikiliza akiwa bado ameinama, mkono juu ya tairi.

"Siku ile niliyotaka kulifungua faili la mafisa," akasema, "wewe ukaniambia niliache."

"Ndiyo, Rra."

"Nikakushukuru."

"Ulinishukuru."

Akaingia kwenye gari. Hakusema nami neno mpaka tulipopita Palapye siku iliyofuata, na hapo aliniuliza tu kama nina kiu.

Barua ya onyo iliwekwa kwenye jalada langu, na ni haki. Kazi ya nakala ya akiba nilinyang'anywa, akapewa Boikanyo, anayeitoa kila siku mchana badala ya Ijumaa. Rra Sebetlela alifariki Oktoba, kabla ya mvua. Rra Modisaotsile alikwenda mazishini akarudi na jina moja zaidi, alilolipata kwa mpwa: yakawa mia moja na arobaini na manne. Na mimi ndiye niliyeliandika kwenye faili. Alikuja kuniita mwenyewe, akasimama mlangoni na ile sauti yake ya redio, iliyochoka kidogo. "Mma Galeboe. Njoo uandike."

Onalenna hakunisamehe haraka, wala hakujifanya. Alinisalimu kwa heshima, akaninyima mazungumzo, miezi minne. Mwanzoni mwa Desemba alikuja mezani kwangu na karatasi kadhaa zilizochapwa. Alikuwa ameiandika kwala upya, yote. Kwenye mstari wa juu kabisa aliweka majina mawili, langu la kwanza.

"Isome," akasema. "Nitafutie kosa. Ukimaliza naiweka."

"Kwa nini mimi?"

"Sababu wewe hutanionea huruma."

Akavuta kiti, akakaa kando yangu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaanza juu. Nilisoma kila mstari, kila kamba, kila nafasi. Nilifika mwisho nikarudi mwanzo. Ilikuwa safi. Alikuwa amepita njia ambazo mimi nisingezifikiria hata ningepewa miaka sita mingine, na ule wivu wa zamani ukarudi, mzima kabisa, kama haujawahi kuadhibiwa. Niliisoma mara ya tatu, na nakiri nilikuwa nikitafuta kwa hamu.

"Haina kosa," nikamwambia.

"Una uhakika, Mma?"

"Nina uhakika. Ningeliona, ningekwambia."

Alinitazama usoni, akipima. Kisha akachukua karatasi zake, akaenda kuiweka kwala mpya kwenye kompyuta kubwa.